Aliyeileta Atangulie Kutazama: Historia ya Marehemu Kornelio Albano Mapunda (1971–2025)

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Yombo Vituka, ndugu mliotoka Songea mkateremka Mbezi Luis alfajiri, waigizaji na mafundi wa picha, na ninyi wa kampuni ya picha mliokaa chini ya turubai la pili karibu na geti, familia inawasalimu wote bila kubagua, na inawaomba utulivu, kwa kuwa historia hii mjane, Eufrazia, ameisikiliza mstari kwa mstari, na asiporidhika yeye hakuna neno lililopita. Anayeisoma ni Fransis, mdogo wake marehemu.

Kornelio Albano Mapunda alizaliwa tarehe 16 Septemba 1971, kijijini jirani na Peramiho, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Albano Mapunda na Mama Noela, ambao wote wametangulia mbele za haki. Jina alipewa na padri, kwa kuwa siku hiyo ni ya Mtakatifu Kornelio, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto yule alimkodolea macho padri mpaka mwisho wa ubatizo, kana kwamba anataka kwanza kuona kitambulisho chake.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akajiunga na Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1990, na mwaka 1994 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa kutunza bohari ya silaha katika kampuni moja ya ulinzi huko Temeke. Ni katika bohari hiyo, mwezi Juni 1997, mlinzi mwenzake alipoapa mbele ya watu kwamba bunduki aliyoshika haina kitu, na kiapo hicho kikatoboa bati la ofisi na kumwachia karani sikio moja lisilosikia hadi leo. Tangu siku ile Kornelio akawa mtu wa mashaka, na hakuwahi kupona.

Alifunga ndoa takatifu na Eufrazia tarehe 2 Oktoba 1999, Chang'ombe, baada ya uchumba mrefu ambao, kwa maelezo ya Eufrazia mwenyewe, ulichelewa kwa sababu bwana harusi alituma washenga mara mbili kwenda kuuliza jambo lilelile kwa watu tofauti. Mungu aliwajalia watoto wawili, Noela, aliyezaliwa mwaka 2001, na Cyprian, aliyezaliwa mwaka 2005, wakakulia katika nyumba ambayo mtungi wa gesi ulinuswa kila asubuhi, na ambayo hakuna aliyeruhusiwa kusema mlango umefungwa bila kwenda kuutikisa kwa mkono wake. Eufrazia alimcheka kwa miaka mingi, na wiki hii ameutikisa yeye.

Mwaka 2009 Stanley Kihwele, Mhehe wa Iringa, jirani wa mtaa na mwongozaji msaidizi wa tamthilia, alimvuta Kornelio kwenye kazi ya picha, akimwambia kwamba huko bunduki ni nyingi na akili ni chache. Mngoni na Mhehe ni watani, tena watani wa tangu enzi za vita, na wawili hawa hawakuwahi kupeana salamu bila tusi, Stanley aliweza kuingia jikoni, akafunua sufuria, akaondoka na paja la kuku, na Kornelio, aliyemshuku hata mpiga picha za pasipoti, hakumshuku Stanley hata mara moja, kwa sababu mtani hapimwi, na ukimpima umeuvunja utani.

Kazi yake ilikuwa kutunza silaha za maigizo. Nyingi zilikuwa za mbao, ila moja ilikuwa bunduki ya kweli, kuukuu, ya kukunjwa katikati, ambayo kwa kibali cha polisi iliondolewa kile kipande kinachogonga risasi, isiweze kufyatua tena, naye akaiita Kibogoyo. Kabla ya tukio lolote la bunduki kazi yote ilisimama, silaha ikakunjwa, mtutu ukatazamwa na kila aliyekuwapo, hata mama wa chakula, na aliyeileta silaha ndiye aliyetangulia kutazama, kwa kuwa Kornelio alisema mwongo hapendi kuchungulia shimo alilolichimba mwenyewe. Vijana waliiita Misa ya Kornelio, wakubwa waliiita kupoteza muda. Yeye na wenzake walikuwa wakiomba utaratibu huo uwe kanuni kwa kila kampuni, silaha nzima, inayoweza kufyatua, isivuke geti la mahali pa kupigia picha, na mwigizaji asiyeonyeshwa awe na haki ya kugoma, ombi ambalo katika kila kikao lilikubaliwa kwa vichwa na kuahirishwa kwa midomo.

Tunafika kwenye kifo, na hapa familia inaomba masikio yenu, kwa kuwa yameletwa maelezo mawili. Juzi Jumatano walikuja hapa maofisa wawili wa kampuni ya picha, wakiwa na pole na katoni za maji, wakaomba isomwe kwamba marehemu alifariki kwa ajali iliyotokana na yeye mwenyewe kusahau kukagua silaha, na wakashauri jeneza lisifunguliwe, kwa heshima yake. Eufrazia aliwapa chai, akawatazama wakinywa, akajiuliza moyoni, tangu lini watu waliomlaumu mumewe kwa kukagua kupita kiasi wanamlaumu kwa kusahau.

Halafu alikuwapo Stanley. Watani wengine walificha sepetu, wakalala mlangoni wakidai pombe, wakamwigiza marehemu akinusa gesi mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka, lakini Stanley alijikunyata kwenye kona ya turubai, hakutania, hakula. Mtani asiyetania msibani ana jambo lake, na Eufrazia alimwambia hivyo wifi yake, Flaviana, wala hakupunguza sauti.

Jana mchana akafika Twalib, seremala wa Keko, kutoa pole, akiwa na gunia begani, akauliza kwa upole amkabidhi nani bunduki aliyoletewa kutengenezwa kitako, maana aliimaliza Jumamosi na hakuna aliyekwenda kuichukua. Ndani ya gunia alikuwamo Kibogoyo. Eufrazia aliikunja mwenyewe, akatazama, kisha akavuka uwanja mbele ya watu wote, akamwekea Stanley mapajani. Stanley akaangua kilio, akasema, "Shemeji, mie ndo nilomdanganya."

Maelezo ya pili basi ni haya, na Stanley ameyarudia leo asubuhi polisi, alikopelekwa pamoja na Kibogoyo, kisha akaruhusiwa kuja kuzika. Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, huko Mbweni, jua limeshaanza kushuka na Kibogoyo bado yuko Keko, mtayarishaji aliazima bunduki ya mlinzi wa geti, aina ileile, na mlinzi akaapa kwamba haina kitu. Stanley alitumwa kuipeleka, na kwa kuwa alijua itakataliwa, alikizungushia kitako kitambaa, akasema, "We Mngoni, Kibogoyo wako huyu, natoka naye Keko, gundi haijakauka, ukimkunja kitako kinaachia." Kornelio alicheka, akamtukana kidogo kama ilivyo ada, akaipokea. Familia haifichi, hakuikunja. Katika mazoezi Nassibu, mwigizaji kijana, alifyatua kama alivyoelekezwa, na risasi ikampata Kornelio tumboni, akiwa amesimama kando ya kamera. Alifanyiwa upasuaji usiku huohuo, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, Eufrazia akiwa amemshika mkono. Nassibu, mwanetu, hatuna neno nawe. Na ninyi wa turubai la pili, Kornelio hakusahau. Alimwamini mtu mmoja tu katika maisha yake, na mkamtuma huyohuyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania mpaka mwisho, majirani wa Yombo mliopika na kukesha nasi, Twalib kwa kuja na gunia lake, na wafanyakazi wenzake mliomwahidi Eufrazia jana jioni kwamba kuanzia sasa hamtashika wala kuelekezewa silaha msiyoonyeshwa, iwe kanuni imepita au bado imekaliwa vikaoni. Kampuni nayo tunaishukuru kwa maji.

Jeneza liko wazi, kwa amri ya mkewe. Mtapita mmoja mmoja, kila mtu atazame kwa jicho lake, na utaratibu ni ule wa marehemu mwenyewe, aliyeileta ndiye anayetangulia. Stanley, mtani wetu, inuka, tangulia.

Pumzika kwa amani, Kornelio. Mlango tumeutikisa.