Bi Unywele na Pistoni ya Milimita Sitini na Mbili

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili ya utumishi katika karakana ya pikipiki ya Idara ya Afya, mchongaji wetu wa silinda atavua ovaroli kwa mara ya mwisho. Barua za ofisini zina jina lake kamili. Sisi tunamwita Bi Unywele, naye huitika.

Jina hilo alilipata kwa kufundisha. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda kama mchi ndani ya kinu, ila mchi huu hautakiwi kukigusa kinu. Katikati lazima ibaki nafasi ya oili kupita, na nafasi yenyewe ni kama nusu ya unene wa unywele. Kila fundi mgeni alipokuja, dada yetu alimng'oa unywele mmoja kichwani bila kumwomba ruhusa, akaupima mbele yake, kisha akamwambia augawe mara mbili kwa macho. Siku moja mkuu wa karakana wa wakati ule alitaka naye aelezwe. Alikuwa na upara unaong'aa. Bi Unywele akamtazama kwa huruma: "Samahani bosi, kwako sina pa kuazima." Karakana nzima ilicheka, na bosi mwenyewe akacheka zaidi ya wote.

Hakuajiriwa kuchonga silinda. Aliingia akiwa na miaka ishirini na tisa, akapewa beseni la mafuta ya taa na brashi aoshe vipuri. Ila vipuri vyake vilikuwa vikitoka kwenye beseni vimepangwa kwa mfuatano ule ule vilivyofunguliwa, na katika miaka miwili haikupotea hata nati moja. Mchongaji wa zamani, mtu mkali wa maneno machache, alimwita kwenye mashine na kumwambia ashike kipimo. Hakumrudisha kwenye beseni.

Kazi iliyompa heshima, na ambayo nusura imwondoe kazini, ilianza mwaka wake wa kumi na mbili. Wauguzi wetu wa chanjo walikuwa wakitumia pikipiki ndogo za silinda moja. Kwenye tambarare zilikwenda vizuri. Kwenye kilima cha mawe kinachoelekea zahanati za juu, zikiwa na sanduku la barafu nyuma, zilihema hadi zikazima. Wauguzi walishuka wakasukuma, na walipofika juu barafu ilikuwa imeyeyuka. Idara iliomba pikipiki kubwa, jibu likawa subirini. Surua haikuwa ya kuwasubiri watoto wa kule juu.

Bi Unywele ndiye aliyesema tuongeze nguvu kwa pistoni. Angetoa pistoni ya milimita hamsini na sita, apanue silinda, aweke ya sitini na mbili. Injini ingebaki ile ile kwa nje, lakini ingevuta hewa na mafuta zaidi kila mpigo, na kilima kingepandika. Alichora kila kitu kwenye daftari la miraba, akaeleza ukuta wa silinda utabaki na unene gani, joto litaongezeka wapi, kabureta irekebishwe vipi. Wakuu wakakubali aanze na pikipiki moja.

Hapa inabidi mwandishi wa wasifu huu ajitambulishe. Mimi ni karani wa usafirishaji. Siku ile gari la kupeleka pikipiki kwa muuguzi lilikuwa liondoke saa nane mchana, na orodha ya safari ilikuwa mkononi mwangu. Saa saba na nusu nilisimama kwenye mlango wa chumba cha mashine. Silinda ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kuchongwa.

"Dada, gari linaondoka."

"Ngoja ipoe kwanza."

"Itapoa njiani. Dereva ameshawasha."

Niliondoka, nikarudi. Mara ya tatu nilipaza sauti. Methali ya haraka na baraka tunaijua sote, lakini siku ile hakuna aliyeikumbuka. Akaingiza kipimo, akasoma, akafunga injini. Pikipiki ikaondoka saa nane na dakika tano, na mimi nikatia alama ya vema kwenye orodha yangu.

Chuma cha moto hutanuka. Kipimo kilichosema nafasi inatosha kilikuwa kimeusoma ukuta uliovimba kwa joto la kuchongwa. Silinda ilipopoa ikasinyaa, na ile nusu ya unywele ikatoweka. Siku ya nne, muuguzi akiwa ameshamaliza kilima na anashika mwendo kwenye barabara iliyonyooka, pistoni ilitanuka ikaung'ang'ania ukuta. Gurudumu la nyuma likasimama ghafla. Muuguzi akarushwa, akavunjika mtulinga.

Kamati ya watu watatu iliundwa. Mmoja wao, kwa nia njema, alimshauri Bi Unywele aandike kwamba pistoni ililetwa mbovu, mambo yaishe. Jibu lake bado linasimuliwa: "Pistoni haina mdomo wa kujitetea." Akaandika mistari miwili: kwamba alipima silinda ikiwa bado ya moto, na kwamba kosa ni lake. Hakuandika kwamba kuna mtu alikuwa mlangoni anamharakisha. Alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye mashine kwa miezi mitatu, akarudi kwenye beseni la mafuta ya taa. Nilikuwa nikipita pale kila asubuhi nikienda ofisini kwangu. Nilimsalimia, akaitikia, nikapita.

Wiki ya pili alikwenda kumwona muuguzi nyumbani kwake. Nayajua ya huko kwa sababu muuguzi mwenyewe amenisimulia. Alikuwa amekaa kitandani mkono umefungwa kifuani, mama yake akimlisha uji kwa kijiko. Mama mtu hakuitikia salamu. Bi Unywele alisimama hapo hapo mlangoni akaeleza kosa lake, tangu kuchonga hadi kupima, bila kujitetea. Muuguzi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja.

"Mashine unazotengeneza, wewe mwenyewe huwa unazipanda?"

"Sijui kuendesha pikipiki."

"Basi jifunze. Ukishaijaribu wewe, nami nitaipanda."

Kwa hiyo katika umri wa miaka arobaini na mmoja, akiwa mama wa watoto watatu, mchongaji wa silinda alianza kujifunza pikipiki. Mwalimu wake nilikuwa mimi. Nilijitolea kabla hajamaliza kuomba, na nadhani sababu mnaielewa. Tulitumia saa ya chakula cha mchana, nyuma ya stoo. Alikuwa mwanafunzi wa ajabu: angeweza kukueleza klachi inafanya nini hadi sahani ya mwisho, lakini akiiachia, pikipiki iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Aliligonga pipa la oili chafu mara mbili. Mume wake, fundi cherehani, alimshonea suruali nene yenye viraka vya ngozi magotini, na hakuuliza ya nini. Alipopata leseni alituletea maandazi ofisini, akala mawili yeye mwenyewe kwa furaha.

Aliporudishwa kwenye mashine aliichonga upya silinda ile ile, akaiweka mezani tangu adhuhuri mpaka kesho yake asubuhi, ndipo akapima. Alipima mara sita, juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Kisha akaifunga, akaizoeza injini mwenyewe kwa kilomita mia tano, taratibu, kila jioni baada ya kazi, kwa wiki tatu. Kilomita za mwisho alizimalizia kwenye kilima cha mawe akiwa na sanduku la barafu lililojazwa kokoto. Muuguzi alikuwa akimngoja juu, mkono umeshafunguliwa. Aliizunguka pikipiki mara moja akisikiliza inavyonguruma.

"Shuka," akamwambia. "Sasa zamu yangu."

Akateremka nayo hadi chini, akageuza, akapanda tena bila kusimama. Bi Unywele alikaa juu ya jiwe mpaka alipouona uso wake unarudi. Muuguzi anasema alimkuta analia, na kwamba wote wawili walijifanya ni vumbi.

Baada ya hiyo alipanua injini nyingine arobaini na tatu, na kila moja aliipanda mwenyewe kabla haijakabidhiwa. Hakuna ambayo pistoni yake iling'ang'ania. Tulipoletewa pikipiki zenye injini kubwa kutoka kiwandani, wengine tulidhani atanung'unika. Alisema pistoni ilikuwa kiraka, na mtu akipata nguo mpya halilii kiraka. Miaka yake ya mwisho aliitumia kufundisha wachongaji wawili tunaobaki nao. Mmoja amenyoa nywele zote, eti ana sababu zake.

Nilipomaliza kuandika wasifu huu nilimpelekea ausome kabla haujachapwa. Alivaa miwani, akausoma polepole kwenye meza ya chai. Alipofika kwenye habari za mlangoni nilimwambia kwamba naweza kuziondoa. Akatikisa kichwa.

"Ziache. Lakini kipimo kilikuwa mkononi mwangu, usiniondoe hapo."

"Nilipaswa kuiambia kamati, dada."

"Kamati?" Alivua miwani. "Mdogo wangu, miaka kumi na tisa nimengoja uniambie mimi."

Nikamwambia. Sitayaandika niliyosema, hayakuwa mengi wala mazuri. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akanisogezea kikombe.

Bi Unywele, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wauguzi waliopanda kilima na wazazi wa kule juu ambao hawakuwahi kukuona, tunakushukuru. Umetuambia kwamba wiki ya kwanza utalala tu, na wiki ya pili utampakia mume wako nyuma ya pikipiki mkamtembelee dada yako. Mumeo anasema bado anafikiria. Uwe na afya, nyumba yako iwe na furaha, na miaka iliyo mbele iwe mingi kuliko uliyotupa sisi. Nenda salama, dada.