Bibi Bernadetha Niyibizi na Zambarau ya Mwambani

Bibi Bernadetha Niyibizi amepika rangi katika karakana yetu ya ufumaji hapa Ntobeye kwa miaka ishirini na tisa. Ijumaa, tarehe 30 Januari, anastaafu. Ratiba ya sherehe inasema anastaafu kwa sababu ya umri. Hiyo si kweli, na wasifu huu hautairudia.

Alianza kwa kuchota maji na kuosha sufu. Baadaye alikabidhiwa masufuria, na tangu hapo zambarau yote ya karakana hii imetoka mikononi mwake: vitambaa vya altare vya Kwaresima na Majilio, hata shali za maharusi wa kule Mabawe. Rangi hiyo hainunuliwi dukani. Inatoka kwenye likeni, vile vimea vya kijivu vinavyoota juu ya mwamba, ambavyo wengi huvipita wakidhani ni ukoga wa jiwe. Likeni huloweshwa katika mkojo wa ng'ombe uliochacha, ndani ya dumu, na kutikiswa kila siku kwa wiki kadhaa mpaka maji yawe mekundu kama divai.

Harufu yake mnaijua. Claudia, anayefuma karibu na mlango, alizoea kumtania Bibi kwamba mumewe alimwoa akiwa na mafua, la sivyo angekimbia. Bibi alimjibu kwamba mafua yenyewe hayajapona mpaka leo, ndiyo maana ndoa imedumu.

Kuna likeni mbili zinazofanana. Zote ni za kijivu, zote zina majani mapana yaliyojikunja. Moja ina vinywele vyeusi ukingoni. Hiyo haitoi zambarau hata uitikise mwaka mzima. Nyingine ukingo wake hauna nywele, na juu inakwaruza kama unga wa dona. Ukiiparuza mpaka weupe wa ndani uonekane na kuidondoshea tone la jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, pale peupe panageuka pekundu. Bibi alitufundisha hayo sote, mwenyekiti wa karakana, Modestus, akiwemo.

Alitufundisha pia kwamba likeni huvunwa baada ya mvua. Ikilowa inakuwa laini, inabanduka kwa vidole, nawe unaacha nusu mwambani ili iendelee kuota. Ikiwa kavu inavunjika kama ganda la yai. Na inaota polepole mno: kipande cha ukubwa wa kiganja kinaweza kuwa na umri wa mama yangu.

Agosti iliyopita parokia iliagiza vitambaa vya Majilio. Bibi aliomba tusubiri mvua za kwanza, na muda ulitosha. Mwenyekiti hakutaka kusubiri. Bibi alipokwenda msibani Nyabusozi, yeye aliwatuma vijana na mapanga. Waliukwangua mwamba wote ukiwa mkavu, wakajaza viroba: yenye nywele, isiyo na nywele, na vumbi la mawe. Bibi aliporudi alikuta madumu yameshajazwa. Sufu ikatoka na rangi ya chai iliyozidi maji, na parokia ikafuta oda.

Kwenye kikao cha Novemba mwenyekiti alisema, "Macho ya bibi yamechoka. Tumpumzishe kwa heshima."

Bibi alisimama akauliza swali moja tu: "Mwenyekiti, siku mlipovuna, mvua ilikuwa imenyesha?"

Kikao kikahamia kwenye chakula cha sherehe hii, kama pilau iwe na nyama ya mbuzi au ya ng'ombe.

Wiki iliyopita aliulizwa angependa wasifu wake useme nini. Alisema, "Andika tu kwamba nimezeeka, mwanangu. Tusiharibu sherehe ya watu." Dakika chache baadaye alimtungia Claudia uzi kwenye sindano, bila miwani. Haya si macho yaliyochoka. Heshima gani hiyo, kumvika mtu kitenge kipya na kosa lako juu yake? Mwenyekiti, kama unasoma haya kabla ya hotuba yako, bado una nafasi ya kusema ukweli mbele ya watoto na wajukuu zake.

Bibi Bernadetha, asante kwa kila uzi. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na maharage yanayozaa vizuri. Mwamba ule hautafunikwa tena sisi tukiwa bado vijana. Atakayepita na kuuliza ni nani aliyeuacha mtupu, tutamtajia jina, na halitakuwa lako.