Mama Kiguu na Mikate Miwili Myepesi

Baada ya kuitumikia bekari yetu kwa miaka thelathini na mmoja, msimamizi wetu wa ubora, ambaye sote tunamwita Mama Kiguu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lenyewe ni kifupi cha kiguu na njia. Kiti alichopewa na ofisi bado kina nailoni yake, na sisi wa kaunta ya oda tumekuwa tukikitumia kuwekea mikoba.

Alianza kwa kupaka mafuta mabati ya kuokea, akahamia kupakia mikate, kisha oveni, hatimaye mizani. Chai alikunywa akitembea. Simu za wajukuu alipokea akitembea. Mwokaji mkuu alizoea kumtania, "Mama, sakafu ina moto?" naye humjibu kwamba unga ukitulia unaumuka, lakini mtu akitulia anachacha.

Kazi atakayokumbukwa nayo ni mbao mbili za ukutani zenye mstari wa gramu, mmoja wa Meza ya Mlangoni, mwingine wa Meza ya Dirishani. Kila asubuhi alipima mikate kumi na mmoja kutoka kila meza, na kwa kila mkate akaweka nukta ya chaki juu ya uzito wake. Mikate iliyolingana, nukta zake zilipandana kama watoto mgongoni. Ukitupa jicho tu unaona ni meza ipi iliyokaa karibu na gramu mia nne tulizomwahidi mteja.

Mwezi wa Aprili mbao hizo nusura zinitoe roho. Mkandaji wa Meza ya Dirishani alikuwa mchumba wangu. Leo ni mume wangu, wa wiki tano, na mnivumilie nikilirudia neno hilo, maana bado ni tamu mdomoni. Kwa wiki nzima wastani wa meza yake ulishuka hadi gramu 374, huku wa Mlangoni ukibaki 398. Meneja, ambaye ndiye anayepigiwa simu na wateja wenye hasira, akaamua mkandaji wangu ahamishiwe tawi la mbali, safari ya siku nzima kwa basi, akaanze upya kwa kuosha mabati. Harusi ilikuwa imebaki mwezi. Mama mkwe alikwisha kukata kitambaa. Nilipokea oda siku ile bila kujua naandika nini.

Wastani ule aliukokotoa Mama Kiguu mwenyewe, lakini haukumkalia vizuri. Alipita na kurudi mbele ya mbao mpaka mfagiaji akamwomba ampishe. Kwenye ubao wa Dirishani, nukta tisa zilikumbatiana karibu na 402, na mbili zilikaa kando peke yao, huko mia mbili na hamsini, kama wageni waliosusa sherehe. Akahesabu kutoka mwepesi hadi mzito, akasimamisha kidole kwenye mkate wa sita, ule wa katikati kabisa: gramu 402. Wa katikati wa Mlangoni ulikuwa 398. Yaani ukiuliza wastani, Dirishani imeshindwa. Ukiuliza mkate wa katikati, Dirishani imeshinda. Wawili tu walikuwa wakiwavuta wenzao chini. Sasa hao wawili ni kina nani?

Jibu lilikuja saa ya chai. Hapa kwetu masalia ya unga hukusanywa kwenye meza inayosafishwa mwisho, ambayo ni Dirishani, yakaongezwa hamira na kuokwa katika mabati mawili kwa ajili ya wafanyakazi. Mikate hiyo hujaa bati kama mingine, lakini ndani ni matundu matupu, na wapakiaji huitoa kabla haijafika kwenye mizani. Ila wiki ile Mama Kiguu alikuwa ameihamishia mizani mdomoni mwa oveni, kwa kuwa alichoka kungoja. Alikuwa ameshang'ata kipande alipokitazama mkononi, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza amesimama bila kuhama.

Angeweza kufuta nukta mbili na kunyamaza. Badala yake alimwita meneja pale pale, mbele ya vikombe vyetu vyote, akasema, "Huyu mtoto unamhamisha kwa mikate ninayoila mimi." Akaongeza kuwa kosa ni la miguu yake isiyo na subira, si la mikono ya kijana. Meneja alicheka hadi chai ikamwagikia shati, akaufuta uhamisho. Meza ya Mlangoni, waliokuwa wameshaanza kututambia, wakaambiwa waongeze unga kidogo.

Tangu siku hiyo, chini ya kila ubao tunaandika wastani na uzito wa mkate wa katikati. Viwili hivyo vikiachana, hahukumiwi mtu mpaka tuulize kwa nini.

Mama Kiguu, asante. Tawi la mbali lilikuwa limeshamwandalia mkandaji wangu kitanda. Lakini kila jioni nasikia hatua za mume wangu ngazini, na moyo unanienda mbio kana kwamba simjui. Nenda ukapumzike, kama utaweza. Tunakuombea afya, wajukuu wenye mbio, na miaka mingi ya kuzunguka upendako.