Sista Kemuma na Maana ya Ngiri

Tarehe 30 Juni 1974, Sista Rebeccah Kemuma anastaafu baada ya kuihudumia zahanati ya shamba letu hapa Boito kwa miaka ishirini na mitatu. Mimi, Hezekiah Kipkoech, nimekuwa msaidizi wake kwa kumi na minne, na muda wote huo nimemwonea wivu.

Ndiye aliyeanzisha kliniki ya akina mama. Ndiye aliyedai ambulensi hadi meneja akachoka kukataa. Hayo siyaonei wivu. Ninachokionea wivu ni ulimi wake. Presha, pumu, upungufu wa damu: akiyaeleza yeye, mgonjwa huondoka akijua kinachoendelea mwilini mwake.

Mwaka 1968 nilimpima mchuma chai aitwaye Momanyi, aliyekuwa na uvimbe kinenani. Nikamwambia, na sikukosea, kwamba ana ngiri na lazima apasuliwe upesi. Momanyi alimjua ngiri mmoja tu, yule wa porini. Akavaa koti, akashika njia ya kwao Kisii kumtafuta aliyemtupia mnyama.

Sista alimkuta barabarani amejikunja kwa maumivu. Akaokota kikapu cha majani kilichotoboka, akapitisha ngumi kwenye tundu.

"Ukuta wa tumbo lako umetoboka hivi. Utumbo unachungulia nje. Ukibanwa hapo utaoza, nawe utakufa."

"Na huyo mnyama?"

"Hakuna mnyama, Momanyi. Ni jina tu. Daktari atarudisha utumbo ndani, ashone tundu."

Momanyi akapanda ambulensi mwenyewe. Alipasuliwa Kericho jioni ile ile, akapona. Mwaka uliofuata alipata binti, akamwita Kemuma. Ugonjwa niliugundua mimi, Kipkoech, na Chepkoech, yaani Kipkoech wa kike, pia ni jina zuri la msichana.

Juzi nilimweleza Mama Chepkosgei maana ya presha kwa mfano wa mpira wa kumwagilia maji. Alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akakaa kwenye benchi kumsubiri Sista. Sista akatoka, akamwambia, "Mama, Kipkoech amekueleza vizuri kuliko mimi." Nikafurahi, halafu nikakasirika: hata katika kusifu, ananishinda.

Sista, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na mavuno mema shambani kwako Nyamira. Wagonjwa wetu wakikufuata huko, wape chai, kisha tafadhali uwarudishe kwangu.