Damaris Robi, Aliyejiundia Baisikeli ya Kuwafikia Wagonjwa

Damaris Robi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026, baada ya kuitumikia Zahanati ya Got Kowuor, hapa Karungu, kwa miaka thelathini na mmoja. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa miezi mitatu. Tunamshukuru yeyote aliyesahau kuusitisha.

Alizaliwa Isebania, karibu na mpaka, akaja kwetu bila kujua hata salamu ya Kijaluo. Mwaka haukuisha kabla wagonjwa hawajampa jina: Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Alibeba makohozi yao hadi maabara, mwendo wa kilomita thelathini, akawapelekea dawa majumbani, na kuhakikisha wanazimeza kwa miezi sita bila kuruka siku. Kwa miaka mingi alifanya hayo kwa miguu na kwa kuomba lifti.

Mwaka 2014 mradi mmoja ulituletea baisikeli mpya ya kumrahisishia kazi. Ilikuwa na fremu ya aluminiamu inayong'aa, springi mbele na nyuma, na hapakuwa na mahali pa kufungia mzigo. Sote tuliisifu, mimi nikiwa wa kwanza. Wiki ya tatu fremu ikapasuka njiani. Damaris alikuwa na sanduku la makohozi mgongoni, jua la saa saba likiwaka. Wachomeleaji wawili waliitazama na kutikisa kichwa, aluminiamu hawakuiweza. Akaisukuma baisikeli kilomita kumi na moja. Alipofika, sampuli zilikuwa zimeharibika.

Moja ilikuwa ya Phelesia, muuza samaki aina ya omena na mama wa watoto wanne. Ilibidi apimwe upya, na matibabu yake yakachelewa siku tisa. Phelesia alipona, lakini Damaris hakujisamehe upesi. Alikwenda kwake kumwomba radhi, na aliporudi akaniambia, "Irine, sitapanda tena kitu ambacho fundi wa njiani hawezi kukitengeneza."

Hapo ndipo alipoanza kuunda yake. Kwa Jumamosi nne mfululizo alikwenda mjini Migori, kwa fundi Nyamongo, ambaye kibanda chake kimejaa baisikeli za mtumba. Walichagua fremu kuukuu ya chuma, kwa sababu chuma kikivunjika, kila soko lina mtu wa kukichomelea. Magurudumu yakawa ya inchi ishirini na sita, kwa kuwa tairi za saizi hiyo hupatikana kutoka Isebania hadi Mbita. Kila rimu ilifungwa spoki thelathini na sita, ili moja ikikatika safari isikatike nayo. Giya ya mbele ikawa ndogo kabisa, ya kupandia vilima na mzigo. Kareya ya kubebea mzigo ilichomelewa kwa nondo, na madigadi ya kuzuia matope yakakatwa kutoka kwenye pipa la plastiki.

Ubishi ulikuwa mmoja tu. Nyamongo alikuwa na fremu nyingine nzuri zaidi, lakini ndefu, na Damaris si mrefu.

"Mama, chukua hii. Utaizoea," fundi alimshawishi.

"Hapana, fundi. Nitakuwa juu yake saa tano kwa siku. Yenyewe ndiyo inizoee mimi."

Nyamongo akacheka, akaiweka kando ile ndefu, akampima mguu ukutani kama fundi cherehani. Tulipoiona baisikeli ile yenye rangi tatu tofauti, tuliicheka vilevile. Kicheko kiliisha mwaka 2017.

Mwaka huo Cephas, mvuvi wa hapa Karungu, alitoweka akiwa ametumia dawa kwa miezi miwili tu. Nyumbani walisema amehamia kwa dada yake, karibu na Asumbi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Tulitaka kuandika "amepotea" katika rejista, kama ilivyo desturi. Damaris akaomba siku mbili. Aliondoka alfajiri, akapita Ndhiwa na Rodi Kopany, karibu kilomita sitini, dawa zikiwa kwenye kareya. Spoki moja ilikatika njiani. Hakushuka ila kunywa chai.

Alimkuta Cephas amelala kwenye mkeka, amekonda, amekata tamaa. Dada yake ndiye aliyetusimulia baadaye.

"Daktari, umetoka Karungu na baisikeli kwa ajili yangu?" Cephas aliuliza.

"Kwani ulitaka nije na nini? Kaa, umeze hizi, halafu tugombane."

Hawakugombana. Cephas alieleza kwamba wenzake walikataa kupanda naye mashua moja, naye akaona heri afe mbali. Damaris alilala hapo hapo kwa yule dada, na asubuhi akampeleka Cephas kwenye kliniki ya karibu ili aendelee na dawa huko. Kila mwezi alipanda tena baisikeli kwenda kumwona, hadi alipopona. Leo Cephas anavua, na wale wenzake wako naye mashuani.

Jumatatu iliyopita Damaris alimkabidhi rejista Lorine, atakayeshika kazi yake. Ina majina tisa. Alimsomea moja baada ya jingine: nani mbwa wake ni mkali, nani huficha kidonge chini ya ulimi, nani hawezi kumeza kabla ya kula, na kwa hiyo asiulizwe kuhusu dawa kabla ya kuulizwa kama amekula. Wote tisa hawajaruka hata siku moja. Alipofika jina la mwisho alifunga rejista, akatoka nje, akalia. Tuliokuwa ndani nasi tulikuwa tukilia.

Dada Damaris, asante. Watu wengi hapa wanapumua vizuri kwa sababu uliwafuata pale ambapo ungeweza kuwaacha. Nenda Isebania salama, ulale hadi jua likuamshe, na Mungu akujalie miaka mingi yenye afya na furaha.

Irine Truphena, muuguzi msimamizi, kwa niaba ya wafanyakazi wote