Msumari wa Ufunguo

Katika basi la Tudor nilikaa nyuma ya wanawake wawili waliojuana humo humo. "Ufunguo wa akiba nautundika msumarini, ndani kando ya mlango," alisema yule kijana. "Redio ilipoibwa, nikamwita jirani yangu Nekesa mwizi, mbele ya wapangaji wote wa ploti. Ni yeye tu aliyeujua msumari ule."

"Kumbe siye?" aliuliza bibi mwenye buibui.

"Jana mume wangu, akiwa nje, kapitisha waya dirishani, akauvua ufunguo kama samaki. Mtu yeyote aliyechungulia angeweza."

"Umemtaka radhi?"

"Msumari nimeuhamisha, bibi."

"Sikukuuliza msumari, mwanangu."

 Yule kijana alivuta leso usoni, na basi liliposimama Mwembe Tayari akashuka bila kuaga. Hata mimi, msikilizaji tu, niliona haya kumtazama.