Eksi Katikati ya Msitu

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya karakana ya seremala, na mimi ndiye muuza kahawa wake, kwa hiyo upuuzi wote wa asubuhi lazima upite masikioni mwangu. Seremala tunamwita Pima Tena, maana hakati ubao mpaka aupime hadi ubao wenyewe uchoke. Leo katoka na karatasi kubwa aliyoichora kwa ile penseli yake bapa ya kuwekea alama mbao. Msitu usiku, giza totoro, miti inatembea kwa miguu ya viti. Kitanda kimeota majani. Bundi anachungulia kutoka kwenye droo. Maktaba ya mtaa inapokea michoro ya kutundika ukutani, mwisho leo mchana, naye eti anataka kuitumia kufungia misumari ya wateja!

Mimi: Thubutu! Lete hapa watu waione.

Kinyozi: Mh! Miti hii inakuja kudai samani zake. Fundi, umekwisha. Kesho utaamka huna hata mlango.

Rivasi, dereva mstaafu ambaye kila hadithi yake inarudi nyuma, akaguna.

Rivasi: Kudai wapi! Inahama. Ona hiki kiti, kimetangulia kuangalia njia.

Kinyozi: Kiangalie kwa macho gani?

Rivasi: Kina mgongo, kina mikono, kina miguu. Macho ndiyo yatakishinda?

Kinyozi: Haya, na hii eksi juu ya kijitu hiki katikati ya miti?

Rivasi: Hazina. Wamefukia hapo.

Kinyozi: Kaburi hilo.

Mimi: Ni kituo cha majini na mashetani, wanashukia hapo. (Ujinga wa hawa unaambukiza.)

Pima Tena: Jamani, ni eksi ya kazini tu. Ubao nikiupiga eksi, upande huo ni wa kutupa. Picha yote imekaa sawa, kasoro huyo. Atanifanya nichekwe na watu.

Hapo binti yake akafika na shati la baba lililopigwa pasi. Akatusalimu, akainamia karatasi.

Binti: Baba, si wewe huyu? Na penseli yako sikioni!

Pima Tena: Ndiye mimi.

Binti: Sasa mbona hata bundi umembakiza, ukaona wa kutupwa ni wewe?

Kinyozi akachungulia kikombe chake, kitupu. Nikatikisa birika, nalo tupu. Sikuwa na hata tone la kutufichia aibu. Roho iliniuma, maana na mimi nilikuwa nimecheka.

Pima Tena: Nani ana ufutio?

Hakuna. Nikamegua mkate wangu, nikampa ile sehemu laini ya ndani. Akasugua taratibu. Eksi ikatoka, lakini ikaondoka na giza la pembeni. Kijitu kikabaki katikati ya weupe.

Kinyozi: Shaharibu!

Rivasi: Hajaharibu. Amewasha taa.

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia. Seremala akavaa shati palepale barabarani, vifungo vimepishana, akaichukua picha kwa mikono miwili kuelekea maktaba, binti yake akimkimbilia kwa nyuma. Karakana kaiacha wazi. Nilidhani atasimama njiani kuikagua picha mara nyingine, kama kawaida yake. Hakupima tena.